Dakika ya Kumi

Usiku wa tatu mfululizo nimo kwenye chumba cha giza, Gent,
jicho kwenye darubini, shingo imekakamaa,
kahawa imepoa karibu na dirisha lisilofunguka.
Chini ya kioo kuna seli nyeupe ya nguruwe,
kirusi kiliiingia jana saa tisa.
Protini zake zimejitokeza juu ya ngozi ya seli
kama matope ya viatu vya mwizi
juu ya zulia la mwenye nyumba.

Namwaga kingamwili. Nimezitia rangi ya kijani.
Kila moja ina umbo la panda ya manati:
mikono miwili ya kukamata,
mguu mmoja wa kuwaita wauaji.
Zinatua. Seli inawaka mzingo wake wote,
na mimi, mjinga, nasema kimoyomoyo: amepatikana.

Dakika ya pili, mwanga unaanza kujikusanya.
Ya tano, umekuwa vishada, umeegemea upande mmoja.
Ya kumi,
ngozi ni nyeusi, safi, kama iliyopigwa deki.
Kijani chote kimo ndani, kimemezwa,
ushahidi pamoja na shahidi.
Seli ya kuua ikipita hapa
itapapasa ukuta laini, itapiga hodi,
haitajibiwa, itakwenda zake.

(Na zile ambazo hazikumezwa?
Kirusi kina mkono mwingine, huushika ule mguu wa panda,
ukaita usisikike.
Hilo niliandika kwenye daftari, nikalipigia mstari,
kisha nikakaa sana bila kuandika.)

Maana kazi hii nimewahi kuiona ikifanywa.
Baba yangu, Odiel, shambani kwetu Ardooie,
baridi ile niliyotimiza miaka kumi na mmoja,
aliokota vitoto vilivyozaliwa vimekufa,
kumi na tisa, vyeupe, laini kama sabuni,
akavitia kwenye magunia ya chakula cha kuku,
akasugua sakafu kwa magadi mpaka vidole vikapasuka.
Mkaguzi Lamsens alipofika na buti zake za mpira
banda lilinukia kama kanisa Jumamosi jioni.
"Majike hawajambo?"
"Hawajambo, kama unavyowaona."
Mama alimkatia keki. Mimi nilimfungulia lango,
nikamwambia kwaheri kwa adabu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua;
kwetu kilikuja kwa miguu minne.
Mbwa wetu, Bles, alichana gunia moja nyuma ya ghala.
Baada ya siku chache alianza kujikuna shavu
kwenye ukuta wa matofali, akajikuna, akajikuna,
hadi mfupa ukaonekana,
hakulala, nasi hatukulala,
na Alhamisi baba alitoka na koleo
bila kuvaa koti.

Waliopona walidungwa sindano, wakanenepa.
Damu yao ilijaa kingamwili tele,
lakini nyuma ya taya, kwenye fundo la neva,
kirusi kilikuwa kimelala na viatu miguuni.
Jike akiumwa uchungu wa kuzaa,
au akisukumwa kwenye lori usiku wa mvua,
kinaamka, kinashuka hadi puani,
kinaondoka na pumzi.

Leo nimempigia simu. Ana miaka themanini na mmoja,
huamka saa kumi alfajiri ingawa hana tena wa kumlisha.
"Machteld, unafanya nini huko saa hizi?"
"Natazama seli ikisugua sakafu, baba."
Kimya. Nilisikia saa ya ukutani kwake,
nikasikia anavuta kiti.
"Inachukua muda gani?"
"Dakika kumi."
Akacheka kidogo, au alikohoa.
"Mimi," akasema, "ilinichukua usiku kucha."